Tuhesabu Kinachobaki

Hotuba mbele ya wahitimu wa ualimu, wazazi wao na viongozi wa vyama vya msingi, Masasi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa mahafali, walimu wenzangu, wazee wangu, mama zangu, na ninyi wahitimu ambao siku ya leo ni yenu: Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie nafasi ya mwalimu katika maendeleo ya mikoa ya pembezoni. Nitafika huko, ila mniwie radhi nikianzia mbali kidogo, kwa mama yangu.

Nilizaliwa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, mwaka 1958. Wanaoifahamu Newala wanajua kwamba kule juu hakuna mto wala kijito. Ardhi ni ya kichanga, mvua ikinyesha inazama yote. Mama alikuwa akiamka jogoo la kwanza, anateremka genge na mtungi kichwani mpaka bondeni, anangoja zamu yake chemchemini, anapanda. Jua likichomoza ndiyo anaingia uani. Safari moja, mtungi mmoja. Mradi wa maji wa Makonde ulikuwepo tangu miaka ya 1950, lakini maji yake yalikuwa ya kununua, na nyumba isiyo na senti ilirudi kwenye genge. Nilipokuwa mkubwa na kufundisha somo la maji ya ardhini, ndipo nilipoelewa kwamba maji aliyoyafuata mama yangu kule chini yalikuwa yamenyesha juu, kwetu, huenda juu ya paa letu. Yalizama, yakasafiri ndani ya mchanga, yakatokea mahali pengine, na sisi tukawa wa kuyafuata.

Nimefundisha Jiografia miaka 38. Kwa muda mwingi wa miaka hiyo nilisimama mbele ya ramani ya Tanzania nikawaambia watoto wa Kusini kwamba mikoa yao iko nyuma kwa sababu iko mbali, udongo wake una rutuba haba na watu wake walichelewa kupata elimu. Ndivyo nilivyofundishwa na mimi. Leo, mbele yenu, naomba niyarekebishe niliyoyasema. Nimekaa na hesabu za korosho, za gesi na za mishahara ya watumishi, na ninaamini kwamba Kusini kunazalisha. Tatizo letu ni kinachobaki baada ya kuzalisha.

Tuanze na korosho, kwa kuwa wenyeviti wa vyama vya msingi vya ushirika wako hapa na wao hawadanganyiki.

Msimu wa 2024/2025 korosho ghafi zilizouzwa nchini zilipita tani 500,000. Hatujawahi kufika hapo tangu mkorosho wa kwanza upandwe. Sehemu kubwa ilitoka Mtwara, Lindi na Tunduru. Mkulima anapeleka gunia chama cha msingi, linapimwa, anapewa stakabadhi, mzigo unakwenda ghala kuu na kunadiwa. Utaratibu wa stakabadhi ghalani tunao tangu 2007, na pamoja na makato yake na ucheleweshaji wa malipo, umewaokoa wengi na kangomba, yule anayekuja wakati ghala la chakula limekauka na ada ya mtoto inadaiwa, ananunua kwa kipimo chake na kwa bei yake.

Sasa tazameni gunia lenyewe. Korosho ghafi kilo nne hadi tano ukizibangua unapata kilo moja ya kiini. Kilichosalia ni ganda. Maana yake ni kwamba meli ikitoka bandari ya Mtwara na tani 1,000 za korosho ghafi, imebeba zaidi ya tani 700 za maganda. Tunalipia usafiri wa maganda kuvuka Bahari ya Hindi! Na ganda lenyewe si takataka, lina mafuta yanayotumika kutengeneza rangi na vitambaa vya breki za magari. Kule Kollam, katika jimbo la Kerala, India, kuna miji na vijiji ambavyo kwa vizazi wanawake wamelea watoto kwa kazi ya kubangua, na korosho za Afrika Mashariki zimepita mikononi mwao. Vietnam wamefanya hivyo kwa mashine na wakawa wakubwa duniani. Sina kinyongo na mama wa Kollam, anafanya kazi halali. Ninachouliza ni kwa nini mama wa Kitangari, mwenye mkorosho nyuma ya nyumba, anazifuata korosho zilizobanguliwa dukani.

Mtaniambia tulijaribu. Kweli tulijaribu, na mimi nilikuwepo. Msimu wa 1973/1974 nchi ilivuna tani 145,000, tukiwa miongoni mwa vinara wa dunia. Serikali ikakopa, ikaagiza mitambo Italia na Japani, ikajenga viwanda vya kubangua vikafika 12. Hapa Masasi mnajua kilipo chenu. Lakini wakati viwanda vinajengwa, ndio wakati ule ule watu walikuwa wanahamishwa kwenda vijiji vipya. Nilikuwa na miaka 16. Tulipakia vyombo kwenye lori, tukaiacha mikorosho ya babu nyuma yetu, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Ukiondoka kwenye shamba la mikorosho halikusubiri: majani yanapanda, moto wa nyikani unapita, nguruwe wanahamia. Kisha ukaja ubwiriunga, ule ugonjwa unaofanya maua yaonekane kama yamenyunyiziwa unga. Msimu wa 1986/1987 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Viwanda vilikuwa vimekuja, korosho zilikuwa zimeondoka. Vingine havikufanya kazi miaka mitano. Baadaye vikabinafsishwa, na vingi vikageuzwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri kusafirishwa. Nikipita mbele ya jengo lililojengwa kwa ajili ya kubangua nikaona linahifadhi ghafi, huwa naumia, na sioni haya kusema hivyo mbele ya wanafunzi wangu.

Mikorosho ilifufuka. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, walitufundisha kupuliza salfa, walitoa mbegu bora, na wazee walirudi mashambani kwao kimya kimya. Kilichofufuka ni kilimo. Ubanguaji haukufufuka kwa kiasi hicho. Yapo maeneo yametengwa kwa ajili ya viwanda, na wapo akina mama wanabangua kwa vikundi majumbani, nawaheshimu sana. Lakini kiasi kikubwa bado kinatoka na ganda lake.

Upo pia ushuru wa korosho ghafi zinazokwenda nje, ambao sheria iliuweka makusudi ili kubangua hapa nchini kuwe na faida kuliko kusafirisha ghafi. Kwa miaka kadhaa asilimia 65 ya ushuru huo ilirudi kwenye tasnia ya korosho yenyewe: utafiti, pembejeo, viwanda. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, fedha zote zikaenda Hazina. Wabunge wa Kusini walisimama bungeni, wa chama tawala na wa upinzani kwa pamoja, jambo ambalo si la kila siku. Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, bei ya mnada ilikataliwa, serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kubeba mzigo. Wapo humu wanaokumbuka walisubiri malipo muda gani. Siku za karibuni sehemu ya fedha za ushuru imekuwa ikirudi, mnaiona kwenye salfa ya ruzuku, na nashukuru. Ila salfa inaongeza ghafi. Sijaona bado fungu linaloongeza ubanguaji kwa kiwango kile kile.

Vijana wananiuliza: Mwalimu, ni nani alitufanyia hivi? Wanataka jina. Jibu langu huwa refu, nitalifupisha.

Wajerumani walijenga reli ya Tanga kuelekea Usambara na Moshi, na reli ya kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Ya tatu, kutoka Kilwa kwenda Ziwa Nyasa, ilichorwa, haikujengwa. Badala ya reli, Kusini kulipata vita. Majimaji yalianzia Nandete, milima ya Matumbi, mwaka 1905, kwa watu waliolazimishwa kulima pamba. Risasi ziliua, na njaa iliua zaidi, kwa sababu majeshi ya Kijerumani yalichoma mashamba na maghala makusudi. Vijiji vilivyobaki tupu viligeuka msitu, ndorobo wakaingia, na baadaye maeneo makubwa yakatangazwa kuwa pori la akiba la wanyama. Ukiruka na ndege kutoka Dar es Salaam kwenda Songea unaona msitu mzito hauna moshi hata mmoja, unasema, uumbaji wa Mungu ulioje. Mahali pengine chini yake palikuwa na watu.

Waingereza nao waliugawa utawala wao kwa namna ambayo kila mwalimu wa historia humu ndani anaijua: sehemu moja ilime mazao ya fedha, sehemu nyingine itoe vibarua. Kusini, Kigoma na Singida zilitoa vibarua. Babu yangu mzaa mama alikuwa manamba kwenye mkonge wa Tanga. Alikwenda akiwa na jina, kule akaitwa kwa namba. Alirudi na blanketi na kikohozi.

Kisha likaja jambo la karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ikiwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, ilianza kulima karanga Kongwa, halafu Urambo na Nachingwea. Walikuwa na hesabu ya ekari zaidi ya milioni tatu. Kwa ajili ya Nachingwea walijenga reli kutoka pwani na wakaanza bandari ya kina kirefu Mtwara, mahali palipokuwa na vijiji vya wavuvi. Mwaka 1951 mpango ulikuwa umekufa, na pauni zipatazo milioni 36 zimekwenda nao. Bandari ilibaki. Reli ilihudumu miaka michache, ikafungwa mwanzoni mwa uhuru, vyuma vikang'olewa. Nachingwea bado watakuonesha tuta lake. Nimewapeleka wanafunzi pale mara nyingi, tukatembea juu ya tuta. Mtoto mmoja aliniuliza kama treni ilikuwa inakuja kuleta nini. Nilitaka kumjibu haraka nikashindwa, kwa maana ile reli haikujengwa ilete kitu. Ilijengwa ichukue.

Tulipopata uhuru, nia ilikuwepo na mimi nitaitetea. Mpango wa pili wa miaka mitano, ulioanza 1969, uliitaja Mtwara kati ya miji tisa ya kukuzwa ili Dar es Salaam isimeze kila kitu. Lakini Kusini kulikuwa mstari wa mbele. FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa Nachingwea, mabomu yalikuwa yanategwa kandokando ya Ruvuma, na mpaka Msumbiji ilipojitawala mwaka 1975 hakuna mwenye akili aliyekuja kujenga kiwanda kwenye mpaka wa vita. Tulibeba sehemu yetu ya ukombozi wa Afrika. Sitaki kulipwa kwa hilo, nataka tu likumbukwe pale mtu anaposema watu wa Kusini ni wavivu.

Na barabara? Mara ya kwanza kwenda Dar es Salaam nilikuwa kijana wa miaka 21, msimu wa masika, ndani ya basi. Tulilala Somanga siku mbili kwenye tope. Tulipofika Rufiji, pantoni ya Ndundu ilikuwa imesimama kwa ajili ya maji mengi. Tulikaa ng'ambo siku nne. Wachuuzi walituuzia mihogo mpaka ikaisha, kisha wakatugawia ya kwao. Mama mmoja alijifungua chini ya mwembe, wanawake wakamzungushia kanga. Mtoto yule, kama yu hai, ana zaidi ya miaka 40. Kwa wakati ule, basi kulala njiani wiki nzima halikuwa tukio la gazetini. Daraja la Rufiji, lenye jina la Rais Mkapa, mtu wa Lupaso hapa hapa Masasi, lilifunguliwa mwaka 2003, urefu wa mita 970. Nchi ilikuwa na miaka 42 ya uhuru. Kipande cha mwisho cha lami, kile cha Ndundu hadi Somanga, tulikingoja zaidi ya miaka kumi tena.

Katika miaka hiyo 42 mfanyabiashara alifanya hesabu yake, na hesabu yake ilikuwa sahihi: kwa nini niweke mashine mahali ambapo spea inaweza kukaa mtoni mwezi mzima? Ndiyo maana ukosefu wa barabara hauishi siku lami inapokamilika. Waliokwisha kujenga kwingine wameshajenga, mafundi wao wako kule, wateja wao wako kule. Wewe unaanza ukiwa nyuma miaka 40. Na mwezi Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara hapo Somanga, tukakaa tena siku kadhaa bila njia ya kwenda Dar es Salaam, malori yamepanga foleni, nikasikia harufu ile ile ya tope la ujana wangu.

Vijana wakaondoka. Waliondoka wengi kiasi kwamba jina la kabila moja dogo la Lindi, Wamachinga, limekuwa jina la kila mtu anayetembeza bidhaa mitaani nchi nzima. Mchaga akiuza viatu Kariakoo leo anaitwa machinga. Msukuma akiuza miwani Mwanza anaitwa machinga. Kila nikilisikia neno hilo nawaona vijana wa Mtama na Mchinga miaka ya 1980 wakishuka kwenye basi wakiwa na mfuko mmoja.

Kuhusu gesi nitasema kidogo, kwa sababu kuna watu humu walipoteza ndugu. Wengi mnaikumbuka ile fulana ya Mtwara Kuchele. Kumekucha. Kampuni za nje zilikuja na meli zao, nyumba za kulala wageni zikajengwa usiku na mchana, kiwanja cha shilingi laki tano kikafika milioni kumi. Kisha likaja tangazo la bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500. Watu waliandamana Mtwara mwezi wa Desemba 2012. Januari 2013 ilikuwa hapa Masasi, na Mei ikawa Mtwara tena, siku ya bajeti ya nishati. Ofisi zilichomwa, watu walikufa. Niliona nyumba ya mtumishi ikiungua na sikuona haki ndani ya ule moto. Lakini swali walilouliza wale watu lilikuwa la haki, nalo ni swali la mama yangu na chemchemi: kitu kimezama kwetu, kinatokea wapi?

Serikali ilijibu kwamba gesi ni ya Watanzania wote. Nakubaliana nayo kabisa. Na kahawa ya Kilimanjaro ilikuwa ya Watanzania wote, iliingiza fedha za kigeni zilizosomesha hata mimi. Ila tazameni kahawa ile ilivyopita. Wakulima wa Moshi walianzisha chama chao mwaka 1925, kikazaa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, mwaka 1933. Kahawa ilikobolewa Moshi na kunadiwa Moshi. Makarani waliishi Moshi, benki zikafungua matawi Moshi, chuo cha ushirika kikajengwa Moshi. Kahawa ilikwenda Ulaya, ndiyo, lakini kabla haijapanda treni ilikuwa imelipa mishahara mitano au sita pale pale mlimani. Mkulima wa Kilimanjaro hakutunyang'anya chochote, na nawakataza wanafunzi wangu kumsema vibaya. Alibahatika kupata reli na shule za misheni mapema, kisha akatumia akili kukiacha kitu kibaki.

Wala mtu asidhani aliyetangulia ametangulia milele. Kagera ilikuwa na kahawa, na wasomi wake walijaa maofisini. Ikaja vita ya Uganda mwaka 1978, ukaja UKIMWI mapema kuliko kwingine nchini, kahawa ikaanguka bei, mgomba ukaugua. Leo pato la mtu mmoja Kagera ni kati ya yaliyo chini kabisa. Kwa hiyo tunapoongea habari za Kusini hatushindani na Kaskazini. Kigoma na Rukwa wana maneno yao, na mengine ni mazito kuliko yetu.

Bomba lilikamilika 2015. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imeporomoka, meli ziliondoka, nyumba za wageni zikawa na vyumba vitupu. Kilichobaki ni mtambo wa umeme wa Mtwara, ushuru wa huduma unaokatwa kwenye mauzo na kulipwa halmashauri, na jambo moja nitakalolisifu: mwaka 2018 gesi ilifika kwenye kiwanda kikubwa cha saruji kilichopo pale pale Mtwara. Mfuko wa saruji unaopanda lori Mtwara una gesi yetu ndani yake, chokaa yetu na jasho la kijana wetu. Hicho kitu kimoja kimenifundisha kuliko hotuba nyingi za gesi nilizosikiliza. Diwani yeyote aliyeko hapa, ukirudi barazani uliza ule ushuru wa huduma umeingia kiasi gani na umefanya nini. Ni haki yako kuuliza, na majibu yapo kwenye vitabu vya halmashauri.

Sasa nifike kwenu, wahitimu.

Tangu mwaka 2004 nchi yetu ina kanuni ya kugawa ruzuku kwa halmashauri. Ukiisoma unafurahi. Ya afya inaangalia idadi ya watu kwanza, halafu umaskini, vifo vya watoto wachanga na wadogo, na umbali ambao gari la mganga linatembea. Ya elimu inaangalia watoto wenye umri wa kwenda shule. Ni kanuni ya haki, na aliyeiandika aliwafikiria watu wa mbali. Lakini fungu kubwa la fedha hizo ni mishahara, na mshahara haukai kwenye wilaya. Mshahara unamfuata mtumishi. Wilaya yenye watoto wengi na walimu wachache haipewi noti za walimu wasiokuwepo. Inabaki na nafasi wazi kwenye ikama, yaani orodha ya watumishi inaostahili kuwa nao. Kila mwalimu anayepangiwa kwetu asiripoti, au aripoti na baada ya miezi sita ahame, anaondoka na fungu letu mfukoni bila kujua. Hakuiba. Serikali inamlipa alipo, na alipo ni mjini.

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi moja kando ya Ruvuma. Mwaka mmoja tulipangiwa walimu sita. Waliripoti watatu. Mmoja alishuka kwenye pikipiki, akatazama jengo, akamwomba dereva asiondoke. Wa pili alikaa muhula mmoja, akapata uhamisho wa kumfuata mwenza. Ni haki yake, na mimi mwenyewe niliandika barua ya kumruhusu. Nilibaki na watoto 412 na walimu wanne pamoja na mimi. Halafu matokeo ya darasa la saba yanatoka, wilaya inapangwa ya mwisho, na mtu wa Dar es Salaam anasoma orodha anasema, watu wa Kusini hawapendi shule.

Niliwachukia wale walioondoka, kwa muda. Kisha nikaketi na yule wa tatu, binti wa Iringa, mwalimu wa Hisabati, nikamuuliza kwa nini amebaki. Nilitegemea aniambie wito. Aliniambia: "Mwalimu, nina mlango unaofungwa." Kumbe mwenyekiti wa kijiji, kabla hajafika, alikuwa ameamuru chumba cha zamani cha ghala kitiwe mlango wa mbao wenye kitasa, na mama mmoja akaagizwa kumpelekea ndoo mbili za maji kila jioni kwa wiki zake mbili za kwanza. Hicho tu. Wale wenzake walionyeshwa nyumba za kupanga zisizo na milango, maji kilomita nne. Binti yule alifundisha miaka tisa. Watoto watatu kati ya aliowafundisha wako chuo kikuu, na mmoja amekaa mstari wa pili hapa mbele yangu, leo anahitimu.

Wazee wangu wa vyama vya msingi, kwa hiyo nawaomba ninyi kabla ya kuwaomba hawa vijana. Serikali ina wajibu wa nyumba za walimu na posho ya mazingira magumu, na tutaendelea kuidai. Asiwepo wa kuniambia kwamba nimeisamehe. Lakini Oktoba mnada unafunguliwa. Kila kilo itakayopimwa inaweza kuacha shilingi ishirini kijijini, kwa makubaliano ya mkutano mkuu, kwa kitabu kinachobandikwa ukutani kila mtu asome. Chama kinachopima tani 500 kitapata milioni kumi. Kwa tofali za kuchoma wenyewe na nguvu za watu, milioni kumi ni nyumba yenye vyumba viwili na tangi la kuvunia maji ya mvua, na mwalimu mmoja anayebaki analeta mshahara wake mahali hapo, ananunua nyama kwa mchinjaji wa hapo, anasomesha wabanguaji, mafundi na wahasibu wa kesho.

Na ninyi wahitimu, sitawaomba mtoe sadaka. Ombeni mlango. Mkipangiwa Liwale, Nanyumbu, Tandahimba, mpigieni simu mwenyekiti wa kijiji kabla hamjapanda basi. Muulizeni nyumba ikoje, maji yako wapi. Mtu anayeuliza hivyo amekwisha kuanza kukaa.

Pale shuleni kando ya Ruvuma nilipita mwezi uliopita. Mkutano mkuu wa chama ulikubali shilingi kumi na tano, si ishirini. Walibishana mpaka magharibi. Msingi wa nyumba ya pili umechimbwa nyuma ya ghala lile la zamani. Tofali 8,000 zimeshachomwa na zimefunikwa nyasi zisilowe. Yamebaki mabati na mbao za kenchi, na mwenyekiti amenituma niwaambie kwamba wanatafuta mwalimu wa Sayansi.

Asanteni kwa kunisikiliza.